Tembo Akifa ni wa Serikali, Akiua ni wa Porini

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye darasa la vijana, mjini Kahama. Waliokosa nafasi wameomba niyaweke hapa. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa. Nilichopunguza ni yale ya spika kukoroma na umeme kukatika mara mbili.

Makamanda, mwangaluka!

Naona wa Geita mmekaa kimya, mnasubiri muamkiwe kivyenu. Haya, wageni wetu wa Kanda ya Victoria, karibuni Kahama. Wazee wetu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni.

Nimepewa dakika ishirini na mada inayosema "Vijana na rasilimali za taifa". Najua wengi mlitegemea nizungumzie dhahabu. Tuko Kahama, Bulyanhulu ni jirani, Buzwagi ilikuwa hapo hapo, na nusu ya mliomo humu mna ndugu aliyewahi kushuka shimoni. Dhahabu tutaifikia. Leo naomba nianze na tembo.

Kanda yetu chama kinaiita Kanda ya Serengeti: Shinyanga, Simiyu na Mara. Jina hilo liko kwenye mabango yetu, kwenye fulana zetu, kwenye barua zetu. Sasa naomba mnyooshe mikono: nani humu ndani amewahi kuingia Hifadhi ya Serengeti? Si kupita Lamadi na basi ukaona swala dirishani. Kuingia, getini, ukalipa.

(Ilinyooshwa mikono sita, ukumbi ukiwa na watu kama tisini.)

Sita. Na mmoja ninamfahamu, ni dereva wa lori, yule alikuwa kazini.

Siwacheki. Mimi mwenyewe hadi mwaka jana tembo nilikuwa namjua kwa noti tu. Toeni noti zenu mtazame. Simba yuko kwenye elfu mbili, kifaru elfu tano, tembo elfu kumi. Mimi ni mtoto wa mchimbaji mdogo wa Geita, na mama yangu anauza chakula kwa wachimbaji. Kwetu tembo akiingia nyumbani ujue mawe yamekubali. Wiki nyingi tulikuwa tunakaa na simba mmoja, na yeye hafiki jioni.

Basi mwaka jana mwezi wa sita, wanafunzi wa sheria tuliotoka kanda ya ziwa tulichanga pesa tukakodi Coaster. Mchango ulikuwa shilingi elfu sabini na tano kwa kichwa: gari, kiingilio, na chakula cha mchana. Naomba namba hiyo muishike, elfu sabini na tano, tutairudia.

Tuliondoka Shinyanga saa kumi usiku. Mwigumbi, Maswa, Bariadi, Lamadi, lami mtindo mmoja. Kunapambazuka tuko Bariadi, na pande zote mbili za barabara ni mashamba, pamba imeshachumwa, mabua ya mahindi yamekauka. Rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam akauliza, "Tumeshafika mbugani?" Mzee mmoja tuliyempa lifti akamjibu, "Mwanangu, mbugani ni hapa, mbona unalima?"

Mnacheka kwa sababu ninyi ni wa huku. Kwa Msukuma mbuga ni udongo. Ni ile ardhi nyeusi ya bondeni, inayonata masika na kupasuka kiangazi, tunakolima mpunga na dengu. Luseni iko mlimani, mbuga iko chini. Yule rafiki yangu yeye mbuga anaijua moja tu, ya wanyama. Neno ni lile lile. Mmoja anaona chakula, mwingine anaona twiga. Nilidhani ni kichekesho cha safarini. Jioni yake nilielewa kwamba kesi nzima imo humo.

Tulifika lango la Ndabaka saa mbili na robo. Mtanzania analipa elfu kumi na kodi yake juu. Elfu kumi! Ile ile yenye picha ya tembo. Namba ya malipo ikatoka, tukalipa kwa simu, tukaingia.

Makamanda, sitawadanganya kwamba nilikaa ndani ya gari nikiwaza siasa. Nilipiga kelele kama mtoto. Mwezi wa sita nyumbu wanakuwa upande huo wa magharibi, na nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja. Kuona elfu moja tu wakitembea kwa mstari, wanalia kama watu wanaoguna msibani, kunatosha kukunyamazisha. Pundamilia wako katikati yao. Karibu na mto Grumeti tukaonyeshwa mamba ambaye wote tulidhani ni gogo hadi alipofumba kinywa. Na kabla ya saa saba, dereva akazima injini. Akasema, "Tulieni." Tembo kumi na saba walivuka barabara mbele yetu. Wa mwisho alikuwa mtoto, amebaki nyuma anachezea tope, na mama yake akasimama kumsubiri. Alisimama pale, katikati ya njia, kama mama anayemsubiri mtoto wa chekechea aliyeacha kandambili. Nililia. Nasema ukweli, nililia.

Serengeti ni hifadhi ya taifa tangu 1951, na UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 1981. Ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000. Ni yetu. Mtu akisimama kwenye jukwaa letu akasema hifadhi hazina maana, mpeni nauli aende Ndabaka, halafu arudi aseme tena.

Jioni, tuko Lamadi tunakula sato, nikampigia bibi yangu, mama yake baba. Bibi anaishi kijiji kimoja upande ule wa mashariki, karibu na pori la akiba. Hadi 2012 alikuwa mkazi wa Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo mkoa ukagawanywa na yeye, bila kuhamisha hata chungu, akawa wa Simiyu. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Leo nimeona tembo! Kumi na saba!"

Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Umewaonea wapi?"

"Serengeti, bibi. Tumeingia na wenzangu wa chuo."

"Kuingia mnalipa?"

"Tunalipa, bibi. Elfu kumi na kidogo."

Bibi akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe umelipa kumwona tembo? Mimi anakuja mwenyewe. Usiku. Na hanidai kitu."

Ninyi mmecheka, na mimi nilicheka. Lakini simu ilipokatika sato haikushuka tena.

Kwa sababu hadithi ya bibi ninaijua. Msimu ule, mahindi yakiwa yameanza kubeba, walikuja tembo kama wanane. Bibi na majirani walitoka na madebe, na tochi, na moshi wa pilipili. Kijana mmoja wa sungusungu alipiga bati hadi likatoboka. Tembo wakimaliza ndipo wanaondoka, madebe wameshayazoea. Asubuhi ekari tatu zilikuwa mabua na kinyesi. Tembo mkubwa anakula zaidi ya kilo mia kwa siku, sasa zidisheni kwa wanane. Na bibi alikuwa amekopa mbegu.

Alitoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Mtu alikuja, akapima kwa hatua, akaandika, akampa pole. Karatasi ikapelekwa ofisi husika. Bibi akafuatilia, akaambiwa iko njiani. Akafuatilia tena, akaambiwa aliyekuwa nayo amehama. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sheria, naimba katiba ibara kwa ibara, na bibi yangu hana hata nakala ya fomu yake. Hapo nikaanza kusoma kitu ambacho hakikuwa kwenye mtihani. Naomba nifundishe kidogo, ni vifungu vitatu tu.

Tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kifungu cha 4 kinasema wanyama wote Tanzania ni mali ya umma, na wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini, makamanda. Yaani kama baba mdogo aliyeachiwa ng'ombe za marehemu awatunzie watoto. Ng'ombe si zake, ni za watoto, lakini yeye ndiye anayeshika fimbo.

Kifungu cha 86 kinasema ukikutwa na nyara ya serikali bila kibali, una kesi. Nyara ni jino, ngozi, hata kipande cha nyama. Na adhabu yake mnaijua, kwa sababu kila wilaya inayopakana na hifadhi kuna familia yenye mtu aliyefungwa miaka ishirini. Mahakamani inatolewa hati ya thamani ya nyara, na tembo mmoja anaandikwa dola 15,000. Ndiyo bei yake akiuawa. Na mimi siitetei biashara ya meno. Tembo walichinjwa vibaya nchi hii, na waliofaidika zaidi hawakuwa watu wa debe na tochi.

Sasa njooni kifungu cha 68. Hiki ndicho cha bibi. Kinampa Waziri uwezo wa kutunga kanuni za kuwalipa watu walioharibiwa mazao, waliouawa mifugo, waliojeruhiwa au kuuawa na wanyama hatari. Mnajua malipo hayo yanaitwaje? Mazao yanaitwa kifuta jasho. Mtu akiuawa inaitwa kifuta machozi.

Kifuta machozi. Leso.

Kanuni za 2011 ziliweka viwango. Ekari ya mazao ilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Ukiwa karibu ulipata kidogo, ukiwa mbali ulipata zaidi. Na haikuzidi ekari tano hata kama umelima kumi. Mtu akiuawa, ilikuwa milioni moja.

Chukueni simu mpige hesabu. Ekari tatu za bibi kwa kiwango cha chini cha 2011 ni elfu sabini na tano. Namba ile niliyowaambia muishike! Msimu mzima wa bibi yangu, mbegu, jembe, palizi mbili na usiku wa kulala nje, ni sawa na mchango wangu wa kwenda kutembea siku moja. Mimi nilipata wali kuku ndani yake. Na bibi hata hiyo hajaiona.

Hesabu ya pili ni nzito, naomba utulivu. Tembo akiuawa, dola 15,000. Mtu akiuawa na tembo, kwa kanuni za 2011, milioni moja ya Tanzania, ambayo haifiki dola mia tano.

Nimekaa na hesabu hiyo muda mrefu, na nikaona tatizo limeanzia mbali kuliko kiwango. Hata wakipandisha ikawa mbili, ikawa tano, tatizo litabaki pale pale, kwenye neno. Ng'ombe wa baba yako mdogo akila mahindi ya jirani, baraza la kijiji linakaa, linakadiria, na baba mdogo analipa. Hatoi leso. Analipa, kwa sababu mwenye mnyama ndiye anayebeba hasara ya mnyama. Hicho ni kitu ambacho Msukuma alikijua kabla ya chuo cha sheria. Lakini kwa tembo sheria yetu inashika pembe mbili kwa wakati mmoja. Tembo akifa ni wa serikali, ana bei, ana hati, ana kifungo. Tembo akiua ni wa porini, hana mwenyewe, na mfiwa anapewa pole.

Fidia ni haki. Haki ina kiwango, ina muda, ina mahali pa kuidai, na asipolipa unampeleka mahakamani. Kifuta machozi ni hisani. Hisani ikichelewa unashukuru hivyo hivyo. Isipokuja, huna wa kumuuliza. Ndiyo maana karatasi ya bibi inaweza kupotea na hakuna anayepoteza usingizi.

Kuna mtu ataniambia, "Dada, unataka serikali ifilisike kwa mahindi?" Twendeni jirani. Tembo yule yule niliyemwona anaweza kuvuka mpaka akaingia Maasai Mara. Yeye hana pasipoti. Kenya walitunga sheria yao ya wanyamapori mwaka 2013, wakaandika neno fidia, na kwa mtu aliyeuawa wakaandika shilingi za Kenya milioni tano. Kwa fedha zetu hiyo ni karibu mara mia ya kile kiwango cha 2011. Sitawapamba Wakenya: madai yamerundikana miaka na miaka, watu wamesubiri hadi wamechoka. Lakini mjane wa Kenya anasubiri deni. Mjane wa kwetu anasubiri huruma. Mwenye deni ana wakili, ana mbunge wa kumuuliza waziri bungeni "mnadaiwa shilingi ngapi". Huruma haina hansard.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na sitaki kuikwepa. Wataalamu wanasema sisi ndio tumewafuata wanyama. Watu wameongezeka, mashamba yamefika mpakani, shoroba za wanyama zimelimwa. Ni kweli. Babu yangu alipofika pale alikuta pori, na bibi mwenyewe anasema usiku wa kwanza walilala juu ya mti. Sheria ikiweka masharti kwamba aliyelima ndani ya ushoroba kwa makusudi hapati, mimi nitaisaini. Lakini basi mpaka uwe wazi, vigingi vionekane, na kijiji kishirikishwe vinapowekwa. Wenzetu wa Geita mnalijua neno vigingi kuliko mimi. Mnajua maana ya kuamka asubuhi ukaambiwa nyumba uliyozaliwa iko ndani ya mstari ambao hukuuona ukichorwa.

Na tukianza historia tuianze yote. Wanyama hawakuwa wageni Shinyanga. Zamani za Mwingereza, Old Shinyanga ndiko kulikokuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Ikaamuliwa mbung'o aondoke ili ng'ombe na pamba vipate nafasi, na njia ilikuwa kufyeka miti, maeneo makubwa, na wanyama wakaondoka na pori lao. Upande huu wa ramani serikali ilifyeka wanyama watoke watu wakae. Upande wa pili wa ramani ikachora mstari watu watoke wanyama wakae. Babu zetu hawakuulizwa upande wowote. Kisha uhuru ukaja, vijiji vya ujamaa vikaja, watu wakahamishwa tena, na Shinyanga ikakauka hadi ikaitwa jangwa.

Ni nani aliyeirudisha? Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walileta miche. Kilichofanya kazi zaidi ni kitu cha wazee: ngitili. Mnaijua. Unafunga kipande cha malisho masika, hakuna kuchunga, hakuna kukata, hadi kiangazi nyasi zikiisha kwingine. Kuna ngitili ya familia na kuna ya kijiji, na anayevunja masharti anaitwa dagashida, anatozwa. Wakati HASHI inaanza zilihesabika ngitili za hekta kama mia sita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta laki tatu. Laki tatu! Miti ikarudi, ndege wakarudi, dawa za miti shamba zikarudi. Hakukuwa na askari mwenye bunduki pale. Kulikuwa na watu waliojua kwamba nyasi zikiota ni zao.

Kwa hiyo anayesema Msukuma hajui kuhifadhi, anajua ng'ombe tu, mleteni Shinyanga. Tunajua kuhifadhi kile ambacho faida yake inatufikia. Kinachotushinda ni kulinda mali ambayo hasara yake inalala kwetu na faida yake inapita kwetu ndani ya gari lenye vioo vyeusi.

Hapa ndipo nilipoahidi kuwarudisha kwenye dhahabu. Kwenye dhahabu angalau neno tumelipata. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema mtu akitwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria ya Madini ya 2010 nayo inamtaka mwenye leseni amfidie mwenye ardhi. Je, inafanyika sawasawa? Nendeni mkaulize Geita. Watu wanagombana na tathmini miaka mingi. Lakini wanagombana! Wana neno la kugombania. Baba yangu hasomi sana, lakini neno fidia analitamka kama jina la mtoto wake. Mama yake, bibi yangu, kilomita chache kutoka mpaka wa pori, neno hilo sheria haikumpa. Familia moja, rasilimali mbili, na sheria inamtambua mmoja tu kama mtu anayedai.

Na pesa zipo wapi? Hifadhi za taifa zilikuwa na utaratibu wa ujirani mwema, na nitasema haki yake: kuna madarasa na zahanati vijijini zilizojengwa hivyo. Lakini Sheria ya Fedha ya 2020 iliyaelekeza makusanyo ya hifadhi Mfuko Mkuu wa Hazina, ndipo bajeti irudi kutoka juu. Kwa utaratibu huo, elfu kumi ya getini Ndabaka ilipanda kwanza kwenda juu kabisa. Kwa bibi ni kilomita chache. Ile filamu ya Royal Tour ya 2022 nimeitazama, ni nzuri, tembo wamependeza. Debe la bibi sikuliona humo.

Sasa tufanye nini? Sipendi hotuba inayoisha kwa ngumi hewani halafu watu wanaenda kula pilau. Nina mambo manne.

La kwanza, sera. Tuiandike kwenye ilani yetu kwa maneno machache: kifungu cha 68 kibadilishwe, leso itoke, fidia iingie, yenye muda wa kulipa na mahali pa kukata rufaa. Na katika madai yetu ya Katiba Mpya, tunapodai rasilimali ziwe za wananchi, tuandike pia kwamba hasara ya kuzitunza isiachiwe wanaoishi mpakani.

La pili ni la kesho asubuhi. Kila tawi lililo kwenye kijiji cha mpakani liwe na kijana mmoja mwenye simu na daftari. Tembo wakipita, usiku ule ule au alfajiri, piga picha shamba, piga picha nyayo, andika tarehe, andika ekari, andika majina ya mashahidi. Nenda na mwenye shamba kwa mtendaji, kisha kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Na msiondoke bila nakala yenye mhuri. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inawatambua wasaidizi wa kisheria. Tafuteni aliye karibu. Msiulize mwathirika ana kadi ya chama gani. Tembo hakumuuliza.

La tatu, tusiwadanganye watu. Mkisimama jukwaani kwenye vijiji vya mpakani msiahidi kwamba mkishinda watachunga hadi katikati ya hifadhi. Najua inapigiwa makofi. Ni uongo, na ni hasara. Hifadhi ikifa, bibi atabaki na jua tu.

La nne, twendeni. Watu sita kati ya tisini ni aibu kwa kanda yenye jina la Serengeti. Tuchange, tukodi gari, na kila gari libebe wanafunzi watano wa shule za msingi za mpakani, wale ambao tembo wanamjua kwa kelele za usiku tu. Wakamwone mchana, ametulia, anamsubiri mtoto wake. Wa Geita msijione mko mbali: Burigi-Chato ni hifadhi ya taifa tangu 2019, na Rubondo, hifadhi tangu 1977, iko mkoani kwenu, ni kupanda boti tu.

Namalizia. Mwezi uliopita nilikwenda kwa bibi. Tuliandika upya taarifa yake, mimi na yeye, kwa mkono, nakala tatu. Kwenye sehemu ya maelezo nikamuuliza, "Bibi, niandike unaomba nini?" Akafikiri. Akasema, "Andika siombi. Andika nadai mahindi yangu."

Nimeandika hivyo hivyo. Nakala yenye mhuri ninayo hapa kwenye begi, anayetaka kuona mfano wa barua aje tukimaliza.